Nafasi ya Ishirini na Tatu

"Hakuna kiumbe kipya," kisomaji kilisema, kwa ile sauti yake ya upole ambayo nimeichukia tangu nikiwa mwanafunzi. "Viumbe mia tisa na kumi na viwili vya bonde hili vyote vinajulikana."

Nilikishusha kutoka kwenye tawi kilipokuwa kimening'inia siku tano. Ni chombo kisichozidi sufuria ya maharage. Kinavuta hewa, kinanyonya umande, kinasoma chembe za ngozi na mate na mavi, kisha kinataja kila mnyama aliyepita hapo. Tangu Orodha ya Viumbe ifungwe miaka thelathini iliyopita, dunia nzima imekubaliana kwamba asiyetajwa na kisomaji hayupo. Watu kama mimi, tuliosomea kuhesabu magamba, tumebaki kuwa wabebaji wa sufuria.

Kazi yangu pale Luhombelo, katika milima ya Udzungwa, ilikuwa kutia saini. Baada ya siku kumi na mbili milango ya bwawa jipya ingefungwa na bonde lote lingejaa maji ya kunywa ya miji. Sheria ilitaka kitu kimoja tu: mtaalamu athibitishe kwamba bondeni hamna kiumbe asiyepatikana mahali pengine. Akiwapo hata mmoja, maji yanazuiwa. Hakuwapo. Nilitoa kalamu.

"Usitie saini kwanza, mwizi," akasema Vitalis Kikoti.

Vitalis ni askari wa msitu, Mhehe, mtu wa makamo mwenye magoti mabovu na ulimi usiochoka. Mimi ni Mngoni. Babu zetu waliuana, kwa hiyo sisi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Amekuwa akiniita mwizi miaka ishirini na mmoja. Kwenye semina, kwenye harusi, hata kwenye msiba wa mwenzetu mmoja alinipokea mlangoni kwa maneno hayo hayo: "Mwizi wa mwamba wangu amefika, ficheni vyombo." Waombolezaji walicheka, nami nikacheka. Nilidhani ni ile hadithi ya kale ya Wangoni na ng'ombe wa watu.

"Nisitie saini kwa nini? Umeona mbwa mnono bondeni, unataka umle kwanza?"

Hakucheka, ingawa Wahehe na nyama ya mbwa ndio utani wetu wa siku zote, na hilo lilinishangaza kuliko jibu lolote. Alinyosha mkono kuelekea mwamba mkubwa wa kijivu uliokuwa juu ya mto, umeinama kidogo mbele, mrefu kama nyumba ya ghorofa moja. "Njoo ukae na mimi mpaka jua lifike pale. Ni nusu saa tu. Halafu saini unavyotaka."

Tulikaa. Jua lilipanda mgongo wa mlima, likateremka taratibu juu ya mwamba, na mijusi wakatoka kwenye nyufa zao kuota. Walikuwa wa rangi ya shaba, urefu wa kiganja, mijusi-mwamba wa kawaida ambao nimewaona kutoka Njombe mpaka Tanga. Walijipanga kuuzunguka mwamba, kila mmoja mahali pake, kama watu wanaojua viti vyao kanisani. Wakafumba macho.

Kisha mmoja, wa juu kushoto, akainua kichwa na kugeuka buluu.

Rangi ilianzia kidevuni ikashuka mpaka ncha ya mkia, buluu ambayo sijaiona kwa ndege wala kwa ua. Alisimama hivyo akiangaza angani. Nilihesabu pumzi zangu, kazi ya mazoea: saba. Kwenye ya saba aliinamisha kichwa, buluu ikamtoka, na papo hapo ikawaka kwa jirani yake. Pumzi saba. Ikahamia kwa wa tatu. Iliuzunguka mwamba namna hiyo, ikirithishwa, kwa kadiri nilivyoweza kuona nilipokaa, bila kukosea, na wakati wote aliyekuwa wa buluu alikuwa peke yake mwenye macho wazi.

"Zamu," nilisema. "Wanapeana zamu ya ulinzi."

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema Vitalis.

Mbingu na ardhi zilikuwa palepale, mto ulikuwa ukienda zake, na mimi nilikuwa nimeshika kalamu kinyumenyume mpaka wino ukanichafua suruali. Miaka ishirini na mitano nimekuwa katika kazi hii. Sikuwahi kujiona mdogo kiasi kile, na sikuwahi kufurahi kiasi kile kujiona mdogo.

*

Alasiri, jua lilipoondoka mwambani, nilimnasa mmoja kwa kitanzi cha uzi mwishoni mwa ufito. Nilimkalisha kwenye kisanduku chenye matundu, nikaweka meza ya kukunja chini ya turubai, nikavaa lenzi ya jicho.

Meza yangu ina kanuni moja niliyorithi kwa mwalimu wangu: anayehesabu haandiki, na anayeandika hatazami. Vitalis alinigeuzia mgongo akiwa na daftari. Nilimshika mjusi kwa vidole viwili, tumbo juu, moyo wake ukigonga kwenye kidole gumba changu, nikaanza kugusa magamba kwa ncha ya sindano butu.

"Safu za magamba kuzunguka kiwiliwili, thelathini na nne."

"Thelathini na nne."

"Vikunjo chini ya kidole cha nne cha mguu wa nyuma, ishirini na kimoja."

"Ishirini na kimoja."

Mjusi-mwamba wa kawaida ana vikunjo kumi na vinane. Hana ishirini na kimoja hata akifugwa ikulu. Nilihesabu mara tatu, kisha tukabadilishana viti na Vitalis akahesabu, kwa ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Ishirini na kimoja. Chini ya mapaja, pale jamaa zake wana vitundu vya nta saba kila upande, huyu alikuwa na kumi na kimoja, na kila kitundu kilikuwa na tone dogo la nta linalonukia mdalasini. Nadhani hiyo nta ndiyo inayowaonyesha kila mmoja kiti chake.

Nilimgusisha kisomaji. "Mjusi-mwamba wa kawaida," kilisema. "Anajulikana."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa lake, na halikuwa kosa la hesabu. Kisomaji husoma maandishi yaliyomo katika chembe za mwili na kuyalinganisha. Maandishi ya hawa na ya binamu zao yanafanana karibu yote, kama vile watu wawili wanavyoweza kuwa na kitabu kimoja cha nyimbo. Chombo kilisoma kitabu. Hakikuwahi kuketi kusikiliza kwaya.

Nilipiga redio ofisi ya Orodha. Aliyepokea alikuwa Bi. Zamaradi Chuwa, msajili, mwanamke mwenye subira ambaye tulifahamiana kwa sauti tu.

"Kuna kifungu cha macho," akasema baada ya kunisikiliza. "Hakijatumika siku nyingi, lakini kipo. Macho ya binadamu yakiona tofauti ambayo kisomaji hakioni, tunapokea maelezo ya mkono na mwili wa mfano."

"Mwili."

"Mwili mmoja, Daktari Mapunda. Umekufa, umehifadhiwa, una tarehe na mahali ulipochukuliwa. Picha hazikubaliki, siku hizi mtu yeyote anatengeneza picha. Ukiniletea mwili kabla ya milango kufungwa, nasimamisha maji siku hiyo hiyo."

"Na nisipoleta?"

"Basi hayupo, dada yangu. Sikuitunga mimi sheria."

Nilizima redio. Mjusi alikuwa kisandukuni akinitazama kwa jicho moja. Katika begi nilikuwa na sindano ya dawa ya usingizi, ile isiyoamsha. Nimeshaitumia mara nyingi na sijawahi kujidai kwamba haiumizi roho, lakini hesabu ilikuwa rahisi: mmoja afe, bonde zima lipone. Nilijiambia nitaifanya asubuhi, nikiisha kuwatazama wenzake mara moja zaidi.

*

Asubuhi nilikwenda mwambani na kisanduku mkononi. Vitalis alikuwa ameshafika. Mijusi walitoka, wakakaa, wakafumba macho, na buluu ikaanza safari yake.

Ilipofika mahali pa yule niliyemchukua, ikazimika.

Nilidhani itarukia kwa anayefuata. Haikuruka. Mwamba mzima ulibaki wa shaba, macho yote yamefumbwa, na hakuna hata mmoja aliyejongea kuziba pengo. Moja, mbili, tatu. Walikuwa wakimpa mwenzao zamu yake. Kwenye pumzi ya saba buluu iliwaka upande wa pili wa pengo na kuendelea kana kwamba alikuwapo na amekwisha kulinda.

Mzunguko wa pili, buluu ilipozimika tena mahali pale pale, kivuli kilipita juu ya uso wangu. Kipanga. Alikuja kimya kutoka upande wa jua, na katika pumzi zile saba mwambani hapakuwa na jicho hata moja wazi. Vitalis aliinuka na magoti yake mabovu, akarusha kofia, akapiga kelele za Kihehe ambazo sitazitafsiri. Kipanga alipinda, akaondoka na mkia tu. Mjusi aliyepoteza mkia alikimbilia kwenye ufa.

Sikuzote nimesema mbele ya wanafunzi kwamba mwili mmoja si kitu kwa kizazi kizima. Sasa nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, na kisanduku kwenye mapaja. Nikimuua huyu, ukoo huu utakuwa na tundu katika ulinzi wake, kila mzunguko, kila asubuhi. Kipanga atalijua tundu hilo. Atamchukua mwingine, na matundu yatakuwa mawili, kisha matatu. Nisipomuua, maji yatawafunika wote kwa pamoja kabla ya mwisho wa mwezi. Niliitoa sindano begini, nikairudisha, nikaitoa tena.

"Nipe," akasema Vitalis. Hakungoja. Alikinyakua kisanduku mikononi mwangu, na kwa desturi yetu mtani akichukua kitu chako huna pa kumshtaki. Alikwenda hadi chini ya mwamba, akafungua kifuniko, na mjusi akapanda mbio mpaka kitini pake. Buluu ilipozunguka ikamfikia, akawaka kama wenzake.

Ningepaswa kukasirika. Nilihema tu. Kisha, kwa kuwa kuhesabu ndiko kunakonituliza, nikahesabu mzunguko mzima tangu mwanzo. Na upande wa kulia, karibu na ufa wenye umbo la mundu, buluu ilizimika tena. Pumzi saba za mwamba mtupu. Ikaendelea.

"Bado kuna nafasi," nikasema. "Wako ishirini na wawili, na nafasi ya ishirini na tatu haina mtu. Lakini mimi nimechukua mmoja tu."

"Mmoja juzi," akasema Vitalis.

"Jana."

"Jana, sawa. Na mwingine lini?"

Nilimgeukia. Uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo, na ulikuwa uso ambao sijawahi kuuona ingawa ninamfahamu nusu ya umri wangu.

"Leo siyo utani, Otilia. Ulikuja hapa ukiwa msichana, na mwalimu wako, mvua inanyesha. Mimi ndiye niliyekushikia kamba. Ulipanda mpaka kwenye ule ufa wa mundu ukamtoa mmoja, sufuria yenu ikasema anajulikana, mkaenda zenu. Asubuhi yake jua lilitoka, nikakaa hapa kukausha koti, nikaona. Tangu siku hiyo wanamngoja."

"Mjusi wa aina hii haishi miaka sita, Kikoti. Hawa hawajawahi kumwona."

"Najua. Nimewaona wakizaliwa, nimewaona wakifa. Akifa mmoja mwambani, jioni wanamzunguka, wanamnusa, na baada ya siku moja au mbili kijana mmoja anakaa kitini pake. Anamrithi. Lakini huyo wako hakufia hapa. Hawajamwona maiti. Sasa watakaaje matanga?"

Aliyekufa hurithiwa, aliyepotea hungojwa. Ndivyo tulivyo hata sisi. Shangazi yangu alimwekea mumewe sahani mezani miaka kumi na minne baada ya mgodi kumeza watu. Lakini mijusi wale walikuwa wamepokezana kungoja, kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya mtu wasiyemjua, na kila siku walilipia pumzi saba za hatari ili kiti chake kisichukuliwe. Nililia. Sioni sababu ya kuficha.

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia miaka ishirini na mmoja. Kila nikikuona nakuambia umeiba kwenye mwamba wangu. Wewe unacheka."

"Nilidhani unatania!"

"Nilikuwa natania. Lakini lisemwalo lipo." Aliokota kofia yake, akaipangusa. "Na ningemwambia nani mwingine? Sufuria ilishasema hamna kitu."

Nilikumbuka basi, na nilikumbuka yote kwa mara moja: matone ya mvua kwenye lenzi, mwalimu akisema, "Mtupe huyo, tunao elfu." Sikumtupa. Nilikuwa mchoyo wa vitu vidogo. Nilimtia kwenye chupa ya spiriti, nikaandika kibandiko, nikaificha mfukoni mwa koti.

Nilisimama ghafla hata kalamu ikaanguka. "Vitalis. Mwili upo."

*

Chupa ilikuwa kwenye ghala la chuo, Iringa, nyuma ya masanduku ya vyura, rafu ya chini. Mtunza ghala aliniambia ningechelewa mwezi mmoja ningekuta vyote vimemwagwa, maana nani siku hizi anahitaji vitu vya kwenye chupa. Kibandiko kilikuwa na mwandiko wangu wa ujana, wenye mikia mirefu ya kujionyesha: Luhombelo, mwamba juu ya mto, ufa wa mundu, mvua. Nilimtoa, nikamlaza kwenye sahani, nikamwomba mtunza ghala anigeuzie mgongo na kuandika. Safu thelathini na nne. Vitundu kumi na kimoja. Vikunjo ishirini na kimoja.

Kwenye dirisha la ofisi ya Orodha, Bi. Zamaradi alisoma maelezo yangu yote, kurasa sita. Nilikuwa nimempa jina la mjusi-zamu. Kwenye mstari unaouliza idadi ya waliopo nilikuwa nimeandika: ishirini na wawili, na nafasi moja.

"Mstari huu unataka namba, Daktari."

"Hiyo ndiyo namba."

Kisha nikasikia muhuri ukigonga, na baadaye sauti yake akiagiza mtu mwingine kwamba milango ya Luhombelo isifungwe. Ilikuwa imebaki siku tatu.

"Mwili sasa ni mali ya Orodha," akaniambia. "Unaazimwa mara moja tu kwa siku tisa, kwa uchunguzi. Nani atauazima?"

"Mimi," nilisema. "Leo hii."

Niliporudi bondeni nilimwosha kwa maji ya mto, mara saba, mpaka harufu ya spiriti ikapungua. Alikuwa amefifia, mweupe kama kucha. Vitalis alinishikia kamba, kama zamani, akinilaumu kwamba nimenenepa. Nilimlaza kwenye ufa wa mundu, kichwa kikitazama angani, nikateremka.

Jua lilifika. Buluu ilizunguka, ikafika ufani, ikazimika. Pumzi saba. Ikaendelea. Mzunguko wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Sikuthubutu kumtazama Vitalis. Spiriti ya miaka ishirini na mmoja, nilijisemea, umeleta nini hapa, mama wee, umeleta kipande cha ngozi.

Katika mzunguko wa nne, buluu haikuanza kabisa. Mijusi wote walifumbua macho. Mmoja mmoja waliondoka vitini pao, jambo ambalo Vitalis anaapa hajaliona mchana hata siku moja, wakapita ufani kwa mstari, na kila mmoja alimgusa yule mweupe kwa ulimi, akarudi mahali pake. Ishirini na wawili. Yule asiye na mkia alipita pia. Kisha kijana mmoja ambaye hakuwa na kiti, mdogo kuliko kidole changu cha shahada, alitoka kwenye nyufa za chini, akapanda, akajilaza kando ya yule wa zamani.

Wakafumba macho. Buluu iliwaka juu kushoto. Nilihesabu nikiwa nimeushika mkono wa Vitalis bila kujua. Ilifika ufani, na mdogo yule akainua kichwa na kuwaka, buluu mpaka ncha ya mkia, akilinda mlima mzima kwa pumzi saba kamili.

Nilikaa siku zote tisa. Siku ya mwisho nilimchukua yule wa zamani, nikamrudisha kwenye chupa yake, na nafasi haikufunguka tena. Kwenye nakala yangu ya maelezo nilikata ule mstari wa idadi, nikaandika: ishirini na watatu.

Vitalis alinisindikiza mpaka njia panda. Nilipomuaga alivua kofia, akaikunjakunja.

"Umeniharibia," akasema. "Miaka ishirini na mmoja. Sasa mimi nitakuitaje?"